Nguzo ya Pili kutoka Ng'ambo

Waliosema Mama Pacha ni mwoga hawakukosea, walikosea sababu tu. Walidhani anaogopa maji, au anashikwa na kizunguzungu, au ana habari za majini ya mtoni asizotaka kuzisema. Mwenyewe alikuwa anaogopa zege. Alilipwa mshahara wa kwenda chini ya madaraja na kuyapiga picha matumbo yake, na mtu akishaona tumbo la kitu hauheshimu tena uso wake kama zamani. Wenzake walivuka daraja huku wanapiga soga. Yeye alimshika mkono yeyote aliye karibu, hata kama ni mpita njia asiyemjua, akakaza macho mbele na kwenda mpaka akanyage udongo.

Hakuzaliwa na woga huo, wala na kazi hiyo. Alikuwa na studio, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kwa miaka mingi maharusi, wahitimu na vichanga wa mtaa mzima walipita mbele ya pazia lile. Kisha kila mtu akawa na kamera kwenye simu yake, na pazia likaanza kuliwa na panya. Idara ya barabara ilipotafuta mtu wa kupiga picha madaraja, kalvati za kupitishia maji chini ya barabara, na kuta za kuzuia maporomoko ya udongo, akaenda na kamera yake pamoja na mazoea yake yote. Siku ya kwanza, mbele ya nguzo ya zege iliyoota ukungu, alijisahau akasema, "Haya, tabasamu kidogo." Mafundi walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope. Kuanzia hapo kazini hakuitwa Mama Pacha. Aliitwa Tabasamu.

Kazi yenyewe haikuwa na la kutabasamia. Picha ya harusi huficha kovu, ya daraja hulitafuta. Alipouona ufa alipaka nukta ya rangi nyekundu pale unapoishia, ili akirudi ajue kama umetembea. Aliweka rula kando yake upana uonekane, na chini yake akasimamisha ubao mdogo mweusi wenye namba ya nguzo iliyoandikwa kwa chaki. Namba zilikuwa na sheria yake: nguzo huhesabiwa kuanzia upande wa mjini, hata kama wewe umetokea shambani. Matengenezo yakiisha alirudi na picha ya kwanza mkononi, akasimama pale pale aliposimama siku ile, akapiga ya pili, ili injinia azilaze zote mbili mezani na kuona nini kimebadilika. Na kila aliyesikia kazi yake alimtolea ile methali ya ufa na ukuta, akidhani ni yeye wa kwanza kuikumbuka. Mama Pacha alijifunza kucheka kwa adabu.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno machache na mluzi mwingi. Lile daraja refu la pembeni mwa mji lilipomaliza kutengenezwa, idara iliamua kulijaribu kwa uzito kabla ya kulifungulia magari makubwa. Malori yaliyojaa mchanga yangeingia polepole, yafuatane kichwa kwa mkia, yasimame juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Baba Pacha akachaguliwa kuongoza msafara. Tangu aambiwe habari hizo mluzi wake ulipanda sauti.

Asubuhi ya siku hiyo aliliosha lori kana kwamba linakwenda kuoa. Mama Pacha alimpigia pasi shati, na pasi ilipokuwa ikipita kwenye kola aliuliza, kama mtu asiyejali, kwani lazima awe wa kwanza. Baba Pacha alimjibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na kwamba daraja lile limetengenezwa kwa ajili ya ufa ambao yeye mwenyewe mkewe ndiye aliyeupiga picha. Sasa hofu ya nini? Mama Pacha akaigeuza kola upande wa pili. Alitamani mumewe ashikwe na homa, ya siku moja tu, kisha akaona haya kwa kumwombea mtu ugonjwa. Marehemu mama yake alipenda kusema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shati likavaliwa, na wakatoka pamoja.

Kilikuwa kiangazi na mto ulikuwa umejikunja katikati ya mchanga wake, hivi kwamba nguzo karibu zote zilisimama pakavu. Juu, barabara ilikuwa imefungwa, watu wamejazana kwenye kingo zote mbili, wakubwa wa idara wamekaa chini ya turubai. Malori yalikuwa yamepangwa upande wa mjini, injini zimezimwa. Mama Pacha aliteremka peke yake na kamera na stendi yake ya miguu mitatu. Kazi yake ilikuwa kupiga ile picha ya pili kabla jaribio halijaanza, kisha apande.

Nguzo ya pili ilikuwa imefungwa zege jipya kama mguu uliovunjika. Aliinyoosha picha ya zamani mbele ya macho, akarudi nyuma hatua chache, akasogea kushoto. Haikukaa sawa. Akasogea kulia. Katika picha ile, nyuma ya nguzo, juu ya ukingo, kilionekana kibanda cha pampu ya maji chenye bati lililopinda. Sasa nyuma ya nguzo palikuwa na matete matupu. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba wamekibomoa. Akageuza shingo afikirie ni lini, ndipo akakiona kibanda kile mbali kule, kimesimama salama na bati lake, nyuma ya nguzo nyingine.

Daraja lilikuwa na nguzo tano. Ile nyingine ilikuwa ya nne.

Alianza kutembea, kisha akakimbia, mchanga ukimzamisha viatu, akapita kimto kile hadi magotini bila kuvua chochote. Huku akikimbia siku ile ya masika ilikuwa ikimrudia. Njia ya upande wa mjini ilikuwa imekatwa na maji, gari la idara likazunguka mbali na kumshusha ng'ambo. Alikuwa ameloa chepechepe, mto unanguruma, daraja zima linatetemeka kichwani kwake kila gari likipita, naye anataka kitu kimoja tu, kutoka pale chini. Akahesabu haraka kuanzia aliposimama: moja, mbili. Akaandika mbili. Kwa kutoka mjini, ile ya pili ilikuwa ya nne. Mafundi walipokwenda na picha yake kwenye nguzo ya pili walikuta kiufa chembamba, maana zege la zamani halikosi kiufa. Nukta nyekundu hawakuiona, wakasema imechukuliwa na mafuriko, wakachanganya zege lao na kufunga kazi.

Alifika kwenye nguzo ya nne. Nukta yake nyekundu ilikuwepo. Ufa haukuwa umeishia hapo tena. Ulikuwa umeipita nukta, ukapanda juu kwa shibiri nzima na zaidi, na mahali pamoja ulikuwa umefumbuka hata kidole chake kidogo kingeingia. Ndani yake aliiona nondo, nyekundu kwa kutu.

Sasa hapa msimulizi mwingine angemfanya mwanamke huyu apige yowe na kukwea ukingo saa ile ile. Ingependeza kusikia. Lakini Mama Pacha alisimama. Alisimama na mgongo kwenye zege, mikono imekumbatia kamera, akawaza kazi yake. Aliwaza ile turubai na wakubwa walioketi, na mafundi wakimcheka kwa namna nyingine sasa, na chumba cha studio chenye pazia lililoliwa na panya. Alijiambia huenda nguzo hii ikahimili, mbona imehimili tangu masika, magari yote madogo yamepita. Huenda leo ikapita salama, kesho akaenda ofisini kwa injinia, wakayazungumza taratibu mlango umefungwa. Neno huenda ni godoro laini sana, mtu akishalilalia hataki kuinuka.

Juu, ambako walidhani ameshapanda, injini ziliwaka. Moja aliijua kama anavyojua kikohozi cha watu wa nyumbani kwake. Iliingia darajani, ikawa inakuja, na kila ilipopita nguzo vumbi lilimwagika kutoka kwenye maungio ya daraja. Alilitazama vumbi lile likisogea kuelekea alipo. Bado hakuinuka. Kisha kipande cha zege, kidogo kama ukucha, kikachomoka ndani ya ufa, kikamwangukia shingoni na kuingia ndani ya kola.

Ndipo akapanda. Alipanda ukingo wa ng'ambo kwa mikono na magoti, akishika majani, majani yakimkatikia. Alipotokeza barabarani lori la mumewe lilikuwa limekaribia nguzo ya nne. Mbele yake alitembea injinia, kijana mpole mwenye kofia ngumu na kibendera cha kijani, akirudi kinyumenyume ili macho yake yasiondoke kwenye magurudumu. Alikuwa amekataa kukaa kwenye turubai. Alisema kama ni kujaribu, naye awe juu. Mama Pacha alikimbilia darajani, akampita, akasimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili.

Breki zililia. Nyuma, lori kwa lori, msafara mzima ukasimama. Kioo cha dereva kikateremka na Baba Pacha akatoa kichwa, uso umejaa aibu ya mtu aliyefikiwa na mkewe kazini.

"Mama Tabasamu, kuna nini?" injinia aliuliza.

"Nguzo siyo ile," alisema. "Yenye ufa ni hii hapa chini yetu, ya nne. Nilihesabu kuanzia ng'ambo. Nimekosea mimi."

Injinia hakupandisha sauti. Alikishusha kibendera cha kijani, akachomoa chekundu kiunoni, akakiinua juu hadi dereva wa mwisho akakiona. Kisha akateremka naye hadi kwenye nguzo, akainama, akaingiza ncha ya kalamu ndani ya ufa, na kalamu ikaenda. Alipoinuka rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika, na Mama Pacha, aliyekuwa anategemea kuambiwa kwamba ameogopa bure kama kawaida yake, alitazama juu, lilikosimama lori la mumewe.

Malori yaliamriwa kurudi nyuma, moja baada ya jingine, kwa mwendo wa kinyonga. La mwisho kuingia likawa la kwanza kutoka, na la kwanza kuingia lingetoka mwisho wa wote. Hakuna aliyelifikiria hilo wakati Baba Pacha anapewa heshima ya kuongoza. Magurudumu ya mbele ya Baba Pacha yalikuwa yameshafika karibu kabisa na nguzo ya nne. Kwenda mbele kungepitisha uzito wote juu yake. Ilibidi asubiri.

Mama Pacha alikwenda chini ya dirisha la lori na kushika kitasa cha mlango.

"Shuka," alisema. "Liache gari, uje kwa miguu."

Injinia aliyesimama kando alisema dereva anaweza kushuka, hakuna atakayemlazimisha kubaki. Akaongeza, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha neno, kwamba gari likiachwa hapo uzito wake unabaki hapo, na nguzo haitapumzika.

"Nani atalitoa?" Baba Pacha aliuliza.

Injinia aliangalia magurudumu, kisha akamwangalia yeye.

"Basi mimi ndiye niliyeliingiza." Akamtazama mkewe. "Wewe nenda kwenye kamera yako, tazama huo ufa. Ukiona unatembea, nyoosha mkono nisimame. Usiponyoosha, nitaendelea kurudi. Jicho langu halitatoka kwako."

"Mimi nimeshakosea mara moja, Baba Pacha."

"Najua. Sasa angalia vizuri."

Injinia alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kukaa chini ya daraja, kwa hiyo stendi ikaletwa na kusimikwa kwenye ukingo wa ng'ambo, kando kidogo, mahali ambapo lenzi ndefu iliifikia nukta nyekundu na dereva aliweza kuuona mkono wa mkewe kupitia kioo cha mbele. Injinia mwenyewe akaenda nyuma ya lori kuyaongoza magurudumu. Mikono ya Mama Pacha ilikuwa inatetemeka vibaya, lakini stendi haikuwa na mume juu ya daraja, ikaishika kamera imara. Aliweka jicho. Dunia yote ikawa ufa mmoja.

Lori lilianza kurudi. Aliona vumbi jembamba likidondoka kutoka mdomo wa ufa. Je, huko ndiko kutembea? Aliunyoosha mkono, na sauti ya injini ikatulia. Vumbi likakoma. Hakujua akiushusha mkono atakuwa amefanya vizuri au atakuwa amemwua mumewe. Alitamani mtu mwingine yeyote, hata mtoto, awe ndiye mwenye mkono ule. Aliushusha. Lori likarudi tena. Chembe kubwa zaidi ikachomoka, ikagonga zege, ikaruka. Mkono juu. Watu ukingoni walikuwa wakiufuata mkono ule kwa macho, hata wale walioanza kunung'unika kwamba wamepotezewa siku yao. Jasho liliingia jichoni mwake, likamwasha, naye hakuthubutu kulifumba. Aliomba Mungu, lakini maneno ya sala yalimtoka yamechanganyikana na yale ya studio, tulia hapo hapo, usitikisike, baba, taratibu. Mkono chini.

Hivyo hivyo, juu na chini, mpaka nukta nyekundu ikaacha kutikisika ndani ya lenzi. Hapo akajua kwamba ilikuwa inatikisika muda wote. Akatoa jicho na kutazama. Daraja lilikuwa tupu, na lori la mumewe lilikuwa limesimama upande wa mjini, kwenye udongo.

Watu walipiga makofi, wengine bila kujua wanamshangilia nani. Mkubwa mmoja wa idara alitoka kwenye turubai, akamwita kwa mkono kutoka upande wa mjini, kisha akabadili mawazo na kutuma neno kwamba wataonana ofisini. Injinia alivuka kwa miguu kumjia, akataka picha za ufa. Mama Pacha akaifungua kamera amwonyeshe, akakuta hakuna hata moja. Muda wote ule hakuwa amebonyeza kitu. Injinia alimwambia haidhuru, akaanza kufunga utepe kwenye kingo za daraja kwa mikono yake mwenyewe.

Ili amfikie mumewe, Mama Pacha hakupita juu. Alishuka mbali kidogo na daraja, akavuka mto kwa miguu. Alimkuta amekaa chini, ameegemea gurudumu, shati la pasi limemganda mgongoni. Mluzi hakuwa nao. Mama Pacha akakaa kando yake na sketi inachuruzika maji.

"Ningekuwa ni mimi," Baba Pacha alisema mwishoni, "mbele ya wakubwa wote wale? Ningenyamaza. Nakwambia kweli. Una moyo kuliko mimi."

Neno hilo lilimwogopesha Mama Pacha kuliko ufa. Angeweza kulipokea tu. Lilikuwa limetolewa kwa mapenzi, na hakuna mwingine aliyekuwa chini ya daraja asubuhi ile. Angelipokea na kwenda nalo nyumbani, na mumewe angelisimulia kwa majirani.

"Nilinyamaza," alisema.

Baba Pacha akageuka.

"Niliuona ufa malori hayajawaka. Nikasimama pale chini, nawaza kazi yangu. Nilikusikia ukiingia. Nilikusikia ukipita nguzo moja baada ya nyingine na sikutoka. Nimetoka zege liliponiangukia shingoni."

Baba Pacha alimtazama sana. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alifuta uso kwa kiganja, akasimama kwa kushikilia bodi la lori, akaenda upande wa pili na kumfungulia mlango. Akamwambia apande, waende nyumbani.

Njia ya nyumbani haikuwa na daraja. Ilikuwa na kalvati tu, za mifereji, vitu vidogo ambavyo Baba Pacha alivipita kila siku ya maisha yake akiwa amejaza mchanga, bila kujua kwamba vipo. Kwenye kalvati ya kwanza alipunguza mwendo, akasimamisha lori kabisa, akageuza uso kwa mkewe na kungoja. Mama Pacha hakuwahi kuipiga picha kalvati ile, na hakujua lolote juu yake. Alikubali kwa kichwa. Wakapita. Kwenye inayofuata akasimama tena, akamtazama, akangoja.